Mbwa wangu mdogo anakula wali na kuku peke yake: je, chakula hiki kinamtosha?

Daktari, pokea salamu kutoka Tudor.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu jambo hili limenishinda. Tuna mbwa jike anayeitwa Kito, mwenye umri wa miaka mitatu na uzito wa kilo tano, chotara wa Maltese na mbwa wa hapa kwetu, ambaye amekwisha kufungwa kizazi. Tangu tumchukue, tumbo lake halistahimili chakula kigeni. Akila kitu asichokizoea, tumbo humnguruma usiku kucha, na kinyesi hutoka majimaji chenye utelezi. Tena asubuhi nyingine, hata akiwa hakula kitu kibaya, hutapika povu la manjano kabla ya kutia chochote kinywani.

Chakula kikavu cha mifuko tulichokuwa tukimnunulia kilimharisha. Tulibadilisha aina na hali ikabaki vilevile. Jirani yangu, aliyefuga mbwa kwa miaka mingi, alinishauri nimchemshie kidari cha kuku na wali laini bila chumvi. Kwa siku chache tu kinyesi kilikaza, na kwa furaha hiyo nimeendelea hivyo kwa miezi mingi bila kumpa kingine. Isipokuwa siku za Jumapili mama mkwe wangu hutujia, na kwa mapenzi yake humtengea Kito wali wa nazi na mchuzi wa kuku, maana huona kwamba kumlisha kiumbe chakula kisicho na ladha ni kumdhulumu. Jumatatu, mara nyingi, anahara. Mume wangu naye anasema ninajisumbua bure, kwa kuwa mbwa wa kwao Voi walikula ugali na omena na wakazeeka.

Kilichonitia wasiwasi sasa ni kwamba manyoya yake yamefifia na yamepungua mgongoni, na ngozi ina magamba kama mba. Ningependa kujua kama niendelee kumpikia, nimpe kiasi gani, na niongeze nini bila kulichokoza tumbo lake. Ningependa pia kiwe chakula ninachoweza kukipika mara moja kikatosha siku kadhaa, kwa sababu msaidizi wetu wa nyumbani ni Muislamu, hashughuliki na vyombo vya mbwa, nami ninaiheshimu imani yake. Kwa hiyo kazi yote ya kumpikia ni yangu.

Msomaji wako,
Tudor, Mombasa

JIBU

Dada yangu wa Tudor,

Jirani yako alikupa ushauri mwema, na wewe uliufuata vizuri. Kidari cha kuku na wali uliolainika ni chakula ambacho sisi madaktari wa mifugo huagiza kwa mbwa anayehara, kwa kuwa kina mafuta machache na hakiutaabishi utumbo. Lakini ni chakula cha kuuguza. Hapa Mombasa mgonjwa hupikiwa mashendea kwa siku anazolala kitandani, na akiinuka hurudishwa kwenye chakula cha watu wazima. Hakuna anayemwacha mtu na mashendea mwaka mzima. Kito ameachwa kwenye mashendea yake, na kwa maelezo uliyonipa, huenda ngozi na manyoya yake yameanza kuonyesha upungufu huo.

Nikueleze upungufu wenyewe kwa hesabu, kwa sababu wengi hudhani kwamba nyama na wali vikilishibisha tumbo vimeushibisha na mwili. Mbwa wa kilo tano anayeishi ndani ya nyumba, aliyefungwa kizazi, huhitaji takriban kalori 350 kwa siku. Kwa kiasi hicho cha chakula, viwango vinavyofuatwa na watengenezaji wa vyakula vya mbwa nchini Marekani vinataka apate kalsiamu isiyopungua miligramu 440 hivi. Kidari na wali unaompa havimpatii hata miligramu 50. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mwili unapokosa kalsiamu katika chakula huichukua katika mifupa, polepole, bila mwenye mbwa kuona lolote mpaka taya au miguu idhoofike. Zinki, shaba, iodini, vitamini D na vitamini E navyo ni pungufu. Vilevile kidari kisicho na ngozi pamoja na wali mweupe havina mafuta ya kutosha ya aina ambayo ngozi huyategemea, na hapo ndipo ninapoyaangalia kwanza manyoya yaliyofifia na magamba unayoyaona, sambamba na zinki.

Wala tatizo hili si lako peke yako. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walichapisha uchunguzi wa mapishi 200 ya chakula cha mbwa cha kupikwa nyumbani, yaliyotoka katika vitabu na tovuti, baadhi yakiwa yameandikwa na madaktari wa mifugo. Waliona kwamba asilimia 95 yalipungukiwa na angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Mtu anaweza kupika kwa upendo na kwa usafi wote, na chakula bado kikapungua. Hilo halina maana kwamba uache kupika, ila ujue ni nini kinachokosekana ndani ya sufuria.

Kabla hatujafika kwenye sufuria, kuna jambo ambalo hukulitaja katika barua yako, nalo ni kama Kito amewahi kupimwa kinyesi. Tumbo linalosumbua kwa miaka halistahili kuitwa tumbo dhaifu mpaka sababu nyingine ziondolewe. Pwani yetu ina joto na mchanga wenye unyevu, na katika mchanga huo minyoo ya safura hustawi sana. Mabuu yake humwingia mbwa kwa mdomo na hata kwa kupenya ngozi, na hupenya pia ngozi ya binadamu anayetembea pekupeku. Kuna pia kijidudu cha giardia, ambacho huleta kinyesi chenye utelezi kama ulivyoeleza, na ambacho kinaweza kukosekana katika kipimo cha kwanza kikaonekana katika cha pili. Kongosho lenye uvimbe, maradhi ya ini, na utumbo usiokubaliana na aina fulani ya nyama, vyote hujificha nyuma ya jina hilo la tumbo dhaifu. Kuku mwenyewe ni miongoni mwa vyakula ambavyo miili ya mbwa huvikataa mara kwa mara, pamoja na nyama ya ng'ombe na maziwa. Kwa Kito sidhani kuku ndiye mkosaji, kwa sababu alipoanza kumla alipata nafuu, lakini ikiwa hata baada ya kurekebisha mengine bado anahara, daktari wake atamjaribu kwa nyama ambayo hajawahi kuila kabisa, kwa mfano ya mbuzi au ya sungura, kwa wiki mbili hadi nne bila kuchanganya na kitu kingine chochote.

Sasa nije kwa mama mkwe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ninaamini sehemu kubwa ya mateso ya Kito iko katika sahani ya Jumapili. Tui la nazi lina mafuta mengi, na tui zito la kwanza ndilo lililokolea zaidi. Mbwa ambaye wiki nzima amekula chakula kisicho na mafuta, akishushiwa ghafla wali wa nazi na mchuzi, utumbo wake hushindwa kuyasaga mafuta hayo, na Jumatatu unayaona matokeo. Mbwa wadogo ndio wanaoumizwa zaidi na jambo hili, kwani kijiko cha mchuzi ambacho mbwa mkubwa hakihisi ni mzigo kwa mwili wa kilo tano, na chakula chenye mafuta mengi kinaweza kuliwasha kongosho likavimba, ugonjwa wenye maumivu makali na unaoua.

Jambo la pili katika mchuzi huo ni kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kuvipika, kuvikaanga mpaka vikawa vya kahawia, au kuvisaga havipunguzi sumu yake. Madhara yameonekana kwa mbwa waliokula gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya mwili. Kwa Kito hiyo ni kuanzia gramu 75, ambazo hazifiki hata kitunguu kimoja cha wastani. Dalili nazo hazitokei siku ile ile: hupita siku kadhaa ndipo mbwa alegee, ufizi upauke na mkojo uwe mwekundu au wa kahawia, na kufikia hapo hakuna mtu nyumbani anayekumbuka pilau ya Jumapili. Kwa hiyo pilau, biriani, kuku wa kupaka, mchuzi wa aina yoyote, na hata supu iliyotiwa viungo vya pakiti vya kukoleza mchuzi, vyote vikae mbali naye, kwa kuwa viungo hivyo vya pakiti mara nyingi vina unga wa kitunguu pamoja na chumvi nyingi. Zabibu kavu ambazo baadhi yetu hutia katika biriani ni hatari kwa figo zake.

Kwa mama mkwe mwenyewe, ninakuomba usimkataze. Mpe kazi. Weka katika friji kibakuli kidogo cha chakula cha Kito, na Jumapili umwambie kwa heshima, "Mama, daktari amesema chakula chake ni hiki, tafadhali mtengee wewe." Atapata furaha ya kumlisha, nawe utakuwa umeiondoa nazi bila kumvunjia mtu heshima. Kuhusu ladha, pua ya mbwa hufurahia mvuke wa kuku aliyechemshwa kuliko tunavyoweza kufikiri. Hamu yake haitegemei chumvi wala bizari.

Upishi wenyewe ni huu, kwa siku moja, nawe utazidisha kwa idadi ya siku. Chukua kidari cha kuku kisicho na ngozi wala mfupa, takriban gramu 135 kikiwa kibichi, ambacho kikiiva hubaki karibu gramu 100. Kichemshe kwa maji matupu mpaka kiive kabisa hadi ndani, ukitoe, ukichambue kwa vidole nyuzi kwa nyuzi, na huku ukichambua upapase usije ukaacha kipande cha gegedu au mfupa. Iache ile supu ipoe katika friji mpaka mafuta yagande juu, uyaondoe kwa kijiko, kisha tumia supu iliyobaki kupikia mchele mkavu wa gramu 40, kwa maji mengi, mpaka punje zipasuke na kulainika. Utapata wali wa gramu 110 hivi. Ongeza malenge yaliyochemshwa na kupondwa, vijiko vitatu vya mezani, ambayo nyuzinyuzi zake hulifaa tumbo linalohara na hata lililofunga. Changanya vyote, ugawe mara nne kwa siku.

Mlo wa nne uwe mdogo na utolewe usiku kabla hamjalala. Lile povu la manjano la asubuhi kwa kawaida ni nyongo inayochoma tumbo lililokaa tupu kwa saa nyingi, na mbwa wengi wenye tatizo hilo hupata nafuu kwa kijiko kimoja au viwili vya chakula wakati wa kulala.

Kwa juma la kwanza baada ya Jumapili isiyo na nazi, mpe hicho tu. Kinyesi kikikaza, anza kuongeza kitu kimoja kimoja, na kila kimoja ukipe siku nne au tano kabla ya kingine, ili akihara ujue ni kipi kilichomharisha. Anza na mafuta: robo ya kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti au ya mahindi, ukipanda taratibu hadi kijiko kimoja kwa siku. Soma kibandiko, kwa sababu mafuta mengi ya kupikia madukani ni ya mawese, na hayo, kama yalivyo ya nazi, hayana kiasi kikubwa cha yale mafuta ambayo ngozi yake inayahitaji. Baada ya hapo jaribu samaki aliyechemshwa bila chumvi, kipande kidogo mara mbili kwa wiki badala ya sehemu ya kuku. Vibua vinafaa kwa mafuta yao, lakini miiba yao ni midogo na ni lazima umchambue samaki kwa mwanga mzuri. Ng'onda na papa mkavu hawafai kabisa kwa sababu ya chumvi. Maini ya kuku pia ni mazuri kwa shaba na vitamini A, ila yasizidi kipande cha ukubwa wa kidole gumba mara moja kwa wiki.

Kalsiamu inaweza kupatikana kwa maganda ya mayai. Yaoshe, yachemshe kwa dakika kadhaa, yaanike mpaka yakauke vizuri, halafu uyasage yawe unga laini usiokwaruza ukiupapasa. Robo ya kijiko cha chai, iliyosawazishwa juu, huchanganywa katika chakula cha siku nzima, na hiyo humtosha Kito. Lakini ninakusihi usione kwamba unga huo umemaliza kazi. Unaleta kalsiamu tu. Zinki, iodini na vitamini D vitabaki vimekosekana. Mwombe daktari wako akuagizie mchanganyiko wa vitamini na madini uliotengenezwa mahsusi kwa mbwa wanaopikiwa nyumbani, na ukiupata, uulize kama tayari una kalsiamu ili uache maganda. Vidonge vya vitamini vya binadamu usimpe, kwani vipo vyenye vipimo vinavyomzidi na vipo vilivyotiwa utamu wa zailitoli, ambao ni sumu kwa mbwa hata kwa kiasi kidogo. Ikiwa mchanganyiko huo hautapatikana, basi maoni yangu ya kweli ni kwamba usiendelee na chakula cha nyumbani peke yake. Mwombe daktari chakula kamili cha mbwa wenye matatizo ya utumbo, chenye mafuta machache, ukiloweke katika ile supu, ukiingize kwa muda wa siku kumi kwa kuanza na robo ya bakuli, na upishi wako ubaki kuwa nyongeza isiyozidi sehemu moja kwa kumi ya kalori zake za siku.

Kuhusu kupika mara moja kwa siku kadhaa, inawezekana, mradi uogope joto la mji wetu. Wali uliopoa mezani kwa saa nyingi huzalisha bakteria ambao kuupasha moto tena hakuiondoi sumu yao, na kiporo cha namna hiyo humharisha hata mtu mzima. Gawa chakula kikiwa bado fufutende katika vibakuli vidogo vyenye kifuniko, chakula cha siku tatu kikae katika friji, kilichozidi kigandishwe na kitumike ndani ya mwezi mmoja. Umeme ukikatika usiku kucha, kitupe. Alichokibakiza katika bakuli kiondolewe baada ya saa moja. Sufuria, mwiko na vibakuli vyake viwe vyake peke yake na vioshewe mahali pake, kama mnavyofanya kwa kumheshimu msaidizi wenu. Utaratibu huo ni mzuri pia kwa afya ya nyumba nzima.

Mume wako hajasema uongo, kwani mbwa wengi wamekua kwa ugali na omena. Omena wana kalsiamu kwa sababu huliwa pamoja na mifupa yao laini, na mbwa wanaozurura hujitafutia mengine wasiyoyaona wenye nyumba. Kito hana nafasi hiyo. Anakula anachopewa tu. Ugali wa unga mzuri hauna ubaya ukitumika mara moja moja badala ya wali, ila usikubali kununua unga au mahindi yaliyoingia ukungu kwa kisingizio cha kwamba ni ya mbwa. Sumukuvu, yaani aflatoksini, ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 katika maeneo ya mashariki mwa Kenya, huliharibu ini la mbwa pia, na mwili mdogo huelemewa haraka.

Dawa za binadamu za kufunga tumbo, na zile za kuua wadudu wa tumbo ambazo watu hununua bila kuandikiwa, usimpe. Asikose chakula kwa zaidi ya saa kumi na mbili hata akiwa anahara, na maji safi yasiyo ya chumvi yawe karibu naye wakati wote. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo ukiona damu katika kinyesi au kinyesi cheusi kama lami, akitapika mara kwa mara, tumbo likivimba na kuuma, ufizi ukipauka, au ngozi ya shingoni ikivutwa juu isirudi haraka mahali pake. Akihara kwa zaidi ya siku moja bila dalili hizo, mpeleke pia.

Wiki hii basi, usisubiri dalili yoyote. Chukua kinyesi cha asubuhi ile ile katika kikopo safi chenye kifuniko, ukifikishe kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa ndani ya saa chache, na umwombe apime minyoo na giardia, aangalie damu kwa kuwa Kito amekula vitunguu kwa muda, na aikague ngozi ya mgongo kama kuna viroboto au ukungu, maana manyoya hayanyonyoki kwa sababu ya chakula peke yake. Mwonyeshe orodha ya kila kitu anachokula, pamoja na vya Jumapili, na mpimeni uzito siku hiyo. Baada ya hapo mpime kila wiki mbili kwa mizani ile ile; akipungua gramu 250 au akiongezeka kiasi hicho, vipimo nilivyokupa vya kuku na wali vibadilishwe.